Dagaa huyu ametoka ziwa gani? Fahamu vyeti vya samaki na jinsi ya kufuatilia safari yao



Leo naomba siasa tuziweke pembeni kidogo tuongelee mboga. Msicheke, ishu hii inagusa mfuko wa kila mmoja wetu.

Julai 2024 mama alinituma sokoni kununua dagaa. Mama ni mama lishe hapa Mtendeni, na dagaa wa Kigoma ndio wanaomletea wateja wa mchana. Muuzaji akaniambia, "Mdogo wangu, hawa ni Kigoma wapya kabisa, wameshuka jana." Nikalipa bei ya Kigoma, ambayo wote mnajua haifanani na bei ya Mwanza. Nimefika nyumbani, mama akachota kiganja kimoja, akawaangalia, akanusa, halafu akaniuliza: "Mwanangu, ziwa si limefungwa? Hao wapya kavua nani?"

Sikuwa na jibu. Ni kweli, upande wa Tanzania shughuli za uvuvi Ziwa Tanganyika zilikuwa zimesimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 ili samaki wazaliane. Sasa wale dagaa walikuwa nini? Labda walikuwa wa stoo wakapewa sifa ya upya. Labda walikuwa wa Mwanza wakapewa jina la Kigoma. Au walivuliwa kwa wizi wakati wavuvi waaminifu wamekaa nyumbani na njaa yao. Muuzaji hakuwa na karatasi yoyote, na mimi sikuwa nimeuliza swali lolote. Siku hiyo wateja wawili wakalalamika mchanga, mama akawarudishia hela. Mtaji wa mama lishe si mnaujua jinsi ulivyo? Hasara ya siku moja ni wiki nzima ya kuungaunga.

Tangu hapo nimekuwa nasoma kila ninachokipata kuhusu hili jambo. Haya ndiyo niliyoyapata.

MAMBO MAWILI YANAYOCHANGANYWA

Kuna cheti cha uvuvi endelevu na kuna ufuatiliaji wa samaki. Watu wengi wanadhani ni kitu kimoja, lakini sivyo.

Cheti kinajibu swali: samaki huyu amevuliwaje? Yaani je, wamebaki wa kutosha majini? Nyavu ni halali? Kuna usimamizi unaoeleweka?

Ufuatiliaji unajibu swali lingine: samaki huyu ametoka wapi na amepita mikononi mwa nani? Kuanzia mtumbwi, mwalo, mnunuzi, kiwanda, gari, mpaka duka.

Vyote viwili vinategemeana. Cheti bila ufuatiliaji ni karatasi ya ukutani, maana samaki wa wizi anaweza kutiwa kwenye boksi lilelile la samaki halali na hakuna atakayejua. Na ufuatiliaji peke yake unaweza kukuonyesha vizuri kabisa kwamba samaki wako ametoka kwa mvuvi wa kokoro!

CHETI KINAFANYAJE KAZI

Kinachojulikana zaidi duniani ni cha MSC, shirika lililoanzishwa mwaka 1997 na kampuni ya Unilever pamoja na WWF, kisha likajitegemea mwaka 1999. Lebo yake ni ya bluu yenye alama ya samaki. Barani kwetu hake wa Afrika Kusini walipata cheti hicho mwaka 2004.

MSC wenyewe hawakagui. Wanaandika masharti, halafu kampuni nyingine ya ukaguzi ndiyo inakwenda kuangalia mambo matatu: wingi wa samaki, madhara kwa viumbe wengine wa majini, na usimamizi wa uvuvi. Cheti ni cha miaka 5, na kila mwaka wakaguzi wanarudi. Pembeni kuna masharti ya pili ya wale wanaonunua, kuchakata na kuuza: lazima samaki wenye cheti watenganishwe na wasio na cheti, na kila shehena iwe na kumbukumbu zake.

Tatizo ni gharama. Ukaguzi unalipiwa, na unadai takwimu za miaka na miaka. Kampuni yenye meli kubwa inaweza kumudu. Mvuvi wa mtumbwi mmoja na karabai hawezi peke yake, mpaka ajiunge na wenzake na apate mtu wa kumshika mkono.

SANGARA WALIVYOTUFUNDISHA KWA NGUVU

Afrika Mashariki hatukuanza kufuatilia samaki kwa kupenda. Tulibanwa. Mwaka 1997 Hispania na Italia zilikataa samaki wa Ziwa Victoria baada ya kukutwa na vijidudu vya salmonella. Mwishoni mwa mwaka huohuo ukaja mlipuko wa kipindupindu katika kanda yetu, Umoja wa Ulaya nao ukaweka zuio. Mwaka 1999 likaja pigo kubwa zaidi: habari za watu kuvua kwa sumu. Ulaya ikafunga mlango kwa Tanzania, Kenya na Uganda zote.

Hebu fikiria. Wanaotia sumu ziwani ni wachache, lakini viwanda vyote vikakosa soko na wavuvi wote wakakosa pa kuuza. Huwezi kusema "samaki wangu mimi ni wazuri" kama huna njia ya kuonyesha wametoka mwalo gani. Asiye na ushahidi anaingizwa kapu moja na mwizi.

Baadaye Ulaya ikaandika sheria ambayo imeanza kutumika tarehe 1 Januari 2005. Kila mfanyabiashara wa chakula lazima ajue hatua moja nyuma na hatua moja mbele, yaani amenunua kwa nani na amemuuzia nani. Na tangu Desemba 2014 lebo ya samaki wa maji baridi huko lazima itaje jina la ziwa au mto na nchi alikovuliwa.

Kwa kifupi safari ya sangara wa kwenda nje iko hivi:

1. Mtumbwi una namba ya usajili na mvuvi ana leseni.
2. Samaki wanashushwa kwenye mwalo, siyo popote pale. Hapo kuna afisa uvuvi na kikundi cha BMU, ambacho ni cha wanajamii wenyewe wanaosimamia uvuvi wa eneo lao. Kilo zinaandikwa.
3. Mnunuzi anawaweka kwenye barafu na kuwapeleka kiwandani na nyaraka zake.
4. Kiwanda kinakagua ubora na ukubwa. Sangara chini ya sentimita 50 haruhusiwi. Kisha shehena inapewa namba.
5. Sampuli zinapimwa maabara. Mwanza kuna maabara ya serikali ya samaki iliyopo Nyegezi.
6. Serikali inatoa hati ya afya, ndipo minofu inasafiri.

Ikitokea mlaji kaumwa huko Ulaya, unaanza na namba ya kwenye pakiti, unarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka unafika kwenye mwalo. Siyo uchawi, ni daftari na nidhamu ya kuandika.

BUKOBA WALIVYOPATA CHETI

Hapa ndipo wengi hawajui kwamba kwetu imewahi kufanyika. Naturland ni chama cha kilimo hai cha Ujerumani kilichoanzishwa mwaka 1982. Kilipotengeneza masharti ya samaki wa kuvuliwa, sangara wa Bukoba wakawa kwenye majaribio. Walioshirikiana ni shirika la Ujerumani la GTZ (tangu 2011 linaitwa GIZ), kampuni ya Anova ya Uholanzi na kiwanda cha Vicfish cha Bukoba. Mwaka 2009 sangara hao wakapata cheti.

Kilichonivutia ni mambo mawili. Kwanza, cheti hakikutolewa kwa ziwa zima bali kwa mialo iliyosajiliwa. Samaki wa mwalo usiokuwemo hakuruhusiwa kuingia kwenye boksi la lebo. Pili, Naturland hawaangalii samaki tu, wanaangalia na hali ya mvuvi: usalama wake, malipo yake, mazingira ya mwalo. Hilo nimelipenda.

Lakini tusidanganyane, ziwa halina uzio. Ziwa Victoria Tanzania tuna asilimia 51, Uganda 43 na Kenya 6. Sangara hajui mpaka. Wavuvi wa mialo michache wakifuata sheria huku wengine wanaburuta makokoro na nyavu za timba, mwisho wa siku wote wanakosa. Ndiyo maana mwaka 2018 serikali iliendesha Operesheni Sangara na kuchoma zana haramu nyingi, jambo lililoleta malalamiko makubwa kwa wavuvi. Ilikuwa miaka 9 tangu Bukoba wapate cheti.

SASA DAGAA WETU WA TABORA JE?

Hapa ndipo roho inaponiuma. Minofu inayopanda ndege ina namba, ina hati, ina jina la ziwa. Dagaa anayekuja Tabora ana mdomo wa muuzaji tu.

Na Tabora ndipo mahali rahisi pa kuchanganya, kwa sababu ya jiografia yetu. Tangu enzi za misafara mji huu ni njia panda. Waliotoka Bagamoyo wakifika hapa wengine walishika njia ya Ujiji, wengine njia ya kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Reli nayo ikafuata mtindo uleule: ilifika Tabora 1912, Kigoma 1914, na tawi la Mwanza likakamilika 1928. Kwa hiyo samaki wa maziwa mawili wanakutana kwenye mji mmoja. Gunia la Kigoma na gunia la Mwanza yanalala stoo moja. Asubuhi nani anakumbuka lipi ni lipi?

Na siyo samaki wa aina moja. Dagaa wa Kigoma ni wa jamii mbili za Ziwa Tanganyika ambao kwa kitaalamu wanaitwa Stolothrissa tanganicae na Limnothrissa miodon. Dagaa wa Mwanza ni Rastrineobola argentea. Hata siyo ndugu wa karibu. Mchanga peke yake siyo ushahidi, maana kote kote wapo wanaoanika chini na wapo wanaoanika kwenye vichanja. Mama aliwajua kwa sababu alizaliwa Ujiji. Mimi niliyezaliwa hapa nimeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Anayeumia siyo mnunuzi tu. Fikiria mvuvi wa Kigoma ambaye mwaka 2024 alitii, akafunga nyavu miezi mitatu. Kama sokoni kwetu "Kigoma mpya" anauzwa kama kawaida na hakuna anayeuliza, basi aliyevua kwa kuiba ndiye aliyepata bei nzuri. Utii wake tumeulipa kwa dharau. Na ziwa hilo tuna asilimia 41 tu, nyingine ni za Kongo, Burundi na Zambia, na wote wanne wana Mamlaka ya Ziwa Tanganyika yenye makao yake Bujumbura. Kufunga ziwa kunahitaji majirani waelewane. Lakini kuuliza sokoni hakuhitaji mkutano wa kimataifa.

MASWALI YA KUULIZA SOKONI

Simaanishi mama muuza dagaa wa fungu awe na kompyuta. Namaanisha ile sheria ya hatua moja nyuma. Uliza kwa heshima:

- Hawa umechukua kwa nani? Siyo "wametoka wapi", maana hapo kila mtu atasema Kigoma. Anayejua aliyemuuzia atakutajia bila kigugumizi.
- Wamefika lini, kwa basi au kwa treni? Linganisha na unachokijua. Ziwa likifungwa, "wapya wa jana" ni wa kutilia shaka. Na wavuvi wa Tanganyika wanaovua kwa taa hupumzika siku za mbalamwezi kali, kwa hiyo hata mwezi unaweza kukusaidia.
- Gunia lina maandishi gani? Muuza jumla anatakiwa kuwa na nyaraka za mzigo wake. Kama unanunua gunia zima, omba kuziona.
- Ukikuta muuzaji anayetenganisha magunia na kukuambia kweli "hawa ni Mwanza", rudi kwake. Dagaa wa Mwanza siyo kosa, kosa ni kuwabatiza.

Mama sasa ana daftari. Kila akinunua anaandika tarehe, kilo, na ameuziwa na nani. Mwezi uliopita alipata mzigo wenye mchanga, akafungua daftari, akaenda moja kwa moja kwa mhusika. Jamaa alibisha, mama akamwonyesha tarehe. Akabadilishiwa mzigo palepale! Daftari lenyewe ni la shule, lile la kurasa 48.

Nawasilisha wadau. Mlioko Kigoma, Mwanza na Bukoba, mnaojua mialo kuliko mimi, mwageni data hapo chini. Kama nimekosea, nisahihisheni.