Mtindio wa ubongo: vihatarishi vya kijenetiki

Mtindio wa ubongo ni ulemavu wa mwendo na mkao wa mwili unaotokana na hitilafu iliyoupata ubongo ungali unakua, tumboni, wakati wa kuzaliwa au muda mfupi baadaye. Mwaka 1861 daktari wa upasuaji William John Little wa London aliuhusisha na uzazi mgumu. Mwaka 1897 Sigmund Freud, aliyekuwa bingwa wa neva kabla ya kuvuma kwa mengine, alihoji: je, uzazi mgumu wenyewe hauwezi kuwa dalili ya kasoro iliyoanza tumboni? Hakusikilizwa sana.

Utafiti wa vinasaba umempa haki kwa kiasi. Uchunguzi wa familia 250 uliochapishwa mwaka 2020 ulikadiria kwamba takriban asilimia 14 ya wagonjwa walikuwa na mabadiliko ya jeni yanayoweza kueleza hali yao. Mengi hayakutoka kwa baba wala mama. Yalizuka upya kwa mtoto, kwa mfano katika jeni za TUBA1A na CTNNB1, kwa hiyo kumsaka mwenye “damu mbaya” kwenye ukoo ni kuwaonea watu. Mengine, kama yale ya jeni za kundi la AP4, hudhuru pale tu mtoto anapoyapata kwa wazazi wote wawili, jambo linalotokea zaidi binamu wanapooana.

Mara nyingine jeni huandaa mazingira tu. Upungufu wa kimeng'enya cha G6PD umeenea kwenye maeneo yenye malaria au yaliyowahi kuwa nayo, pwani ya Afrika Mashariki na Oman zikiwemo, na huwapata zaidi wavulana kwa kuwa jeni yake iko kwenye kromosomu ya X. Mtoto mchanga mwenye upungufu huo akivishwa nguo zilizotolewa sandukuni zikinuka naftalini, yaani dawa ya nondo, chembe zake nyekundu za damu huweza kuvunjika kwa wingi. Bilirubini, sumu ya manjano inayotokana na chembe hizo zilizovunjika, hupanda, macho na ngozi hugeuka manjano, na asipowahishwa kwenye tiba ya mwanga au kubadilishiwa damu, sumu hiyo huharibu sehemu za ubongo zinazoratibu mwendo. Jeni hiyo peke yake isingemlemaza. Ndiyo maana habari za vinasaba hazipaswi kuwa kisingizio cha huduma duni ya uzazi: kukosa hewa, uambukizi na kuzaliwa njiti bado ni vyanzo vikubwa.

Faida kubwa ya kipimo cha jeni ni kuwatambua waliopewa jina lisilo lao. Hitilafu ya jeni ya GCH1 hufanana na mtindio: mtoto hutembea vizuri asubuhi, ikifika jioni miguu imekakamaa na anaikokota. Picha ya ubongo haionyeshi kasoro. Dozi ndogo ya dawa ya levodopa huweza kumrudishia mwendo wake ndani ya siku au wiki chache, hata kama alishatibiwa miaka mingi kama mwenye mtindio wa ubongo.