Kitabu Kimoja, Darasa Zima

Mwaka wangu wa kwanza chuoni nilijifunza kusoma huku nikitupia saa jicho. Unafika kwenye kaunta, unatoa kitambulisho, unataja namba ya somo. Mkutubi anapotelea nyuma kidogo, kisha anarudi na kitabu kilichozungushiwa selotepu mgongoni. Anaandika kwenye kadi: kimetoka saa nne na robo, kirudi saa sita na robo. Hakivuki mlango. Ukichelewa kuna faini, na kabla ya faini kuna macho ya wenzako walio kwenye foleni. Siku moja nilingoja kitabu cha namna hiyo asubuhi nzima. Nilipokipata nikaketi, nikafungua sura ya nne tuliyoagizwa na mhadhiri. Haikuwapo. Kuna aliyenitangulia na wembe.

Wahenga walisema akiba haiozi, lakini hawakuiona akiba ya maktaba. Hakuna vitabu vinavyochakaa haraka kama hivi. Mhadhiri ana wanafunzi mia mbili, maktaba ina nakala tatu, na mtihani haungoji mtu. Kikiachwa kwenye rafu za kawaida, mmoja atakiazima wiki mbili, mwingine atakichomeka kati ya vitabu vya kilimo ili kesho akikute peke yake. Basi kinaondolewa huko, kinawekwa nyuma ya kaunta na kutolewa kwa saa. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam sehemu hiyo huitwa akiba maalumu. Nairobi ni mkopo mfupi. Majina mawili, hila moja: kukifungia kitabu ili kiwafikie wengi. Hila hiyo ina miaka mia saba.

Minyororo ya Paris

Robert de Sorbon alianzisha nyumba ya wanafunzi wa teolojia jijini Paris mwaka 1257. Orodha ya vitabu vya nyumba hiyo ya mwaka 1290 ilitaja 1,017; ile ya 1338 ilitaja 1,722. Wakati kila nakala inaandikwa kwa mkono, huo ulikuwa utajiri. Wanachama waliruhusiwa kuazima na kwenda navyo vyumbani. Mwaka 1321 ikatolewa kanuni kwamba katika kila taaluma, kitabu kilicho bora kifungwe kwa mnyororo katika chumba cha wote. Mnyororo ule haukumlenga mwizi peke yake. Ulimzuia hata msomi mwaminifu asikigeuze kitabu cha wote kuwa chake. Nakala za ziada ziliendelea kuazimwa kama kawaida. Akiba nzima imo humo. Imekosekana kadi ya saa tu.

Nje ya maktaba palikuwa na njia ya pili. Wafanyabiashara walioitwa kwa Kilatini stationarii walitunza nakala iliyokubaliwa na chuo, ambayo haikujalidiwa bali iliachwa vipande vipande. Mwanafunzi alikodi kipande kimoja, akakinakili, akakirudisha na kuchukua kinachofuata, huku mwenzake akinakili kipande kingine cha kitabu hichohicho. Bei ilipangwa na chuo. Orodha za bei za Paris za mwaka 1275 na 1304 zipo hadi leo. Neno lile likapita katika Kiingereza, likavuka bahari, na sasa limebandikwa kwenye vibanda vilivyo nje ya karibu kila chuo chetu: steshenari.

Profesa na rafu yake

Uchapaji ulishusha bei ya vitabu, lakini kwa muda mrefu ufundishaji haukuihitaji sana maktaba. Mwanafunzi wa Marekani wa katikati ya karne ya 19 alikariri kitabu cha kiada, akaenda darasani kuulizwa. Wakutubi nao walikuwa walinzi. Harvard bado husimuliwa kisa cha John Langdon Sibley, mkutubi mkuu hadi mwaka 1877, aliyekutwa akitembea kwa furaha kwa kuwa vitabu vyote vilikuwa ndani isipokuwa viwili, ambavyo Profesa Agassiz alikuwa navyo. Naye Sibley alikuwa njiani kuvifuata. Huenda ni utani, ila utani humjua mtu wake.

Hapohapo Harvard, kati ya 1870 na 1877, Henry Adams alikuwa akifundisha historia ya zama za kati. Yeye hakutaka kukaririsha. Alitaka wanafunzi waende kwenye hati na sheria za kale wenyewe, walinganishe, wabishane. Mara darasa zima likahitaji vitabu vilevile wiki ileile, na walimu wakaiomba maktaba ivitenge. Justin Winsor, aliyemrithi Sibley mwaka 1877 akitokea Maktaba ya Umma ya Boston, aliupokea mtindo huo kwa mikono miwili. Mwalimu analeta orodha, vitabu vinapangwa kwa somo, mchana vinasomwa humo ndani, usiku vinaweza kutoka ilimradi asubuhi virudi. Mfumo huo ukasambaa katika vyuo vingine, na sura yake haijabadilika sana.

Kwetu nako, Chuo cha Dar es Salaam kilipofunguliwa tarehe 25 Oktoba 1961, katika jengo la TANU Mtaa wa Lumumba, wanafunzi walikuwa 13, wote wa sheria. Kwa darasa la watu 13, nakala tatu ni neema. Lakini wanafunzi waliongezeka, na miaka ya 1980 fedha za kigeni zikaadimika hata kitabu kipya kutoka nje kikawa kama mgeni wa heshima. Hapo kaunta ya akiba ikawa ndiyo maktaba yenyewe kwa wengi.

Mashine na mahakama

Kilichopunguza foleni ni mashine. Mwaka 1959 Xerox ilitoa modeli yake ya 914, iliyotoa kopi kwenye karatasi ya kawaida kwa kubonyeza kitufe. Mhadhiri akaweza kukusanya sura moja hapa na nyingine pale, akaziacha steshenari kama kitini, kila mwanafunzi akajitolea nakala yake. Kazi ya stationarii ikarudi.

Wachapishaji hawakufurahi. Mwaka 2012 Oxford, Cambridge na Taylor & Francis walikishtaki kibanda cha fotokopi cha Rameshwari, kilichokuwa ndani ya Chuo Kikuu cha Delhi, pamoja na chuo chenyewe. Septemba 2016 Mahakama Kuu ya Delhi ikaitupa kesi, na Machi 2017 wachapishaji wakajiondoa. Marekani, kesi ya Chuo Kikuu cha Georgia State kuhusu akiba ya kielektroniki ilifunguliwa mwaka 2008 na kumalizika 2020, jaji akipima sura baada ya sura: ni kurasa ngapi, na zimemwathiri nani sokoni.

Maktaba mpya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pale Mlimani, iliyozinduliwa Novemba 2018, ilijengwa kupokea wasomaji 2,100 kwa wakati mmoja na vitabu 800,000. Ungedhani foleni zimezikwa. Lakini juzi mpwa wangu, aliye mwaka wa pili katika chuo kingine, alinionyesha simu yake. Kitabu alichoagizwa kimo kwenye maktaba ya mtandaoni, na skrini inamwambia kuna mtu anakisoma, ajaribu baadaye.

“Mjomba, faili linaazimwaje?”

Nikamweleza kwamba maktaba hununua leseni, na leseni ya bei nafuu mara nyingi huruhusu msomaji mmoja tu kwa wakati mmoja. Akaguna, akaendelea kubonyeza. Kilifunguka saa nane usiku. Asubuhi nilimuuliza alichokikuta.

“Sura zote zimo,” akasema. “Hata ya nne.”