Kutoka Sofi za Ujiji hadi Vidato vya Maoni: Istilahi za Kumhoji Mlaji

Mikahawa mingi siku hizi huwapa walaji karatasi ya maswali, au huwapelekea maswali kwa simu, ili kujua kama wameridhika. Mara nyingi maswali hayo hutungwa kwanza kwa Kiingereza, kisha hufasiriwa neno kwa neno. Katika makala hii twakusudia kuonyesha kwamba kasoro kubwa ya karatasi hizo ni ya istilahi: maneno yanayowekwa yawe vipimo hayana thamani moja kwa wote wayatumiao. Mifano yetu tutaichukua Kigoma na Ujiji, kwa kuwa mwambao huo wa Ziwa Tanganyika una historia yenye fundisho katika jambo hili.

Katika karne ya 19 gulio la Ujiji lilikutanisha wenyeji wa Buha, wafanyabiashara wa kutoka pwani, na watu wa ng'ambo ya ziwa. Walikuja na shanga za namna nyingi, na kila namna ilikuwa na thamani yake kwao. Verney Lovett Cameron, Mwingereza aliyefika Ujiji mwaka 1874, aliandika kwamba fedha ya gulio hilo ilikuwa shanga iitwayo sofi, iliyofanana na kipande cha mrija wa kiko kilichovunjika. Gulio lilipoanza, walikuwapo watu wenye mikoba iliyojaa sofi, ambao waliwabadilishia wanunuzi shanga zao. Gulio lilipokwisha walizipokea tena sofi kutoka kwa wauzaji, wakapata faida mara mbili. Hivyo watu wa lugha na desturi mbalimbali waliweza kuuziana bidhaa kwa hesabu moja.

Vipimo vya maoni navyo vyahitaji sofi yake. Mwaka 1932 Rensis Likert, mtaalamu wa saikolojia wa Marekani, alitangaza njia ya kupima mielekeo ya watu kwa majibu matano yaliyopangwa kutoka kukubali kabisa hadi kukataa kabisa, na katikati pakiwa na jibu la asiyeamua. Kila jibu lilipewa namba, na namba hizo zikajumlishwa. Njia hiyo ilienea duniani, ikaingia katika biashara na katika ofisi za serikali. Lakini namba hizo zina maana pale tu ambapo wajibuji wote wanayaelewa majibu kwa namna moja. Hapo ndipo mfasiri wa Kiswahili anapokutana na matatizo, nasi tutayataja manne.

La kwanza ni neno "nzuri". Kwa Mswahili neno hili ni jibu la salamu kabla halijawa hukumu. Aulizwaye habari za nyumbani hujibu "nzuri", hata kama ana mgonjwa. Habari yenyewe hufuata baada ya neno "ila". Karatasi inayouliza "Huduma yetu ilikuwaje?" bila kuacha nafasi ya hiyo "ila" hupokea salamu, ikadhani imepokea maoni.

La pili ni "kuridhisha". Katika matokeo ya mtihani wa kidato cha nne, daraja D huelezwa kuwa ni la kuridhisha, nalo ni la mwisho kabla ya kufeli. Katika karatasi za mikahawa neno hilohilo huwekwa karibu na kilele. Mwalimu na mfanyabiashara wakiketi meza moja, wataliwekea alama watu hawa wawili wakiwa na maana zinazopingana.

La tatu ni "wastani". Neno hili hutumika kwa chakula cha kadiri, na pia kwa mtu asiye na maoni. Aliyekula migebuka akaiona ya kawaida si sawa na yule ambaye hakuionja kabisa.

La nne ni "bora". Walimu wetu wamezoea kutofautisha elimu bora na bora elimu. Vivyo hivyo chakula bora si bora chakula, na neno ambalo maana yake hugeuka kwa kuhamishwa mahali halifai kuwa kipimo.

Maswali yenyewe nayo yana dosari. "Je, chakula na huduma vilikuwa vizuri?" ni maswali mawili yenye jibu moja. "Unaionaje hoteli yetu?" humfanya msafiri aliyeshuka bandarini Kigoma asijue kama anaulizwa kitanda au sahani, kwani kwa Watanzania wengi hoteli ni pa kulala na pa kula pia.

Kwa hiyo twapendekeza yafuatayo. Mfululizo mzima wa majibu uitwe ngazi, na kila jibu liitwe kidato, kwa kuwa vidato vya ngazi iliyoundwa vyema huachana kwa kadiri moja. "Sina maoni" iwekwe nje ya ngazi. Kila swali liulize jambo moja. Tena, panapowezekana, vidato visiwe vya sifa, bali vya mambo ambayo mlaji ameyaona mwenyewe:

(a) Chakula kilipofika kilikuwa: cha moto sana, cha moto, vuguvugu, kimepoa, baridi kabisa.

(b) Ulingoja: chini ya dakika 10, dakika 10 hadi 20, zaidi ya dakika 20.

(c) Utakuja kula hapa tena? Hakika nitakuja, huenda nikaja, sijaamua, huenda nisije, sitakuja.

(d) Ni jambo gani moja ungependa tulibadilishe?

Swali la mwisho ndilo "ila" ya Mswahili, nalo lisikosekane.

Jambo hili si dogo. Mama lishe wa Kibirizi akaangaye dagaa kwa mawese akiletewa karatasi zilizojaa neno "nzuri", huku mabenchi yake yakizidi kuwa matupu, hatajua kama tatizo ni chumvi, bei, au kungoja. Ofisa wa halmashauri naye atapeleka juu taarifa ya sifa tupu. Wabadilishaji wa Ujiji walikaa gulioni kabla ya biashara kuanza. Hapana budi mfasiri naye akae na mtunga maswali kabla karatasi haijapigwa chapa.