Mto Rusizi: Umeme na Mipaka ya Mazingira

Je, teknolojia yaweza kupatanisha ukuaji wa uchumi na mipaka ya mazingira? Makala haya yanalijadili swali hilo kwa kuangalia historia ya mto tunaopakana nao.

Mto Rusizi hutoka Ziwa Kivu na kuteremka takriban mita 700 hadi Ziwa Tanganyika. Mteremko huo ndio uliowavutia wahandisi. Mwishoni mwa miaka ya 1950, chini ya utawala wa Wabelgiji, kituo cha Rusizi I kilijengwa Mururu. Mwaka 1976 Rwanda, Burundi na Zaire ziliunda Jumuiya ya Kiuchumi ya Nchi za Maziwa Makuu (CEPGL), na mwaka 1989 kituo cha Rusizi II kikaanza kuzihudumia nchi hizo tatu.

Mitambo hii haichomi mafuta, wala haiyamalizi maji. Mtu angeweza kudhani kuwa upatanisho umekwisha kupatikana. Hata hivyo, miji ya kandokando ya ziwa imekua, na taka za plastiki zimeongezeka. Mvua huzisomba hadi ziwani, na mkondo huzifikisha mtoni. Katika miaka ya karibuni taka hizo zimeziba mitambo ya Rusizi I na kusababisha umeme kukatika. Ukuaji uleule unaohitaji umeme ndio unaouzima.

Kaskazini mwa Rwanda kuna fundisho jingine. Kituo cha Ntaruka hutegemea Ziwa Burera, linalopokea maji ya kinamasi cha Rugezi. Kinamasi kilipokaushwa kwa ajili ya kilimo, na mitambo ikaendeshwa kupita kiasi, maji ya ziwa yalipungua. Mwaka 2004 nchi ikakumbwa na uhaba mkubwa wa umeme, ikabidi kutumia jenereta za dizeli kwa gharama kubwa. Jenereta ziliwasha taa tu; kilichorudisha maji ni kukihifadhi kinamasi.

Kwa hiyo, teknolojia hupatanisha pale tu chanzo chake kinapotunzwa. Sheria ya Rwanda ya mwaka 2008 ilipiga marufuku mifuko ya plastiki, lakini Ziwa Kivu lina pande mbili na maji ni yaleyale. Utunzaji wake unahitaji makubaliano ya majirani. Katika masoko ya Kamembe na Bukavu, majirani hao huelewana kwa Kiswahili. Sisi walimu na wanafunzi wa lugha hii tusiwaachie wahandisi peke yao mjadala huu.