Pikipiki ya zamani stoo: kadi kwanza, kiki baadaye

Si ajabu, Dodoma au Singida, kukuta pikipiki ya miaka ya 1970 au 1980 imelala bandani. Juu yake kuna magunia, ndani ya ekzosi nyigu wamejenga. Mara nyingi ni Honda au Yamaha aliyoitumia baba au babu alipokuwa bwana shamba, mwalimu au mchungaji.

Chombo cha namna hiyo kinaweza kurudi barabarani. Lakini hasara kubwa haitokani na injini. Inatokana na karatasi. Mtu anaweza kumaliza miezi 6 na hela ya mavuno kwa fundi, pikipiki ikang'aa kama mpya, halafu ikaishia kituo cha polisi kwa sababu hakuna anayeweza kuthibitisha ni ya nani.

Ndiyo maana kazi ya kufufua mkweche huanzia kwenye kadi, si kwenye kiki.

Kwa nini huku bado zipo

Mwaka 1973 serikali iliamua kuhamishia makao makuu Dodoma. Mwaka huohuo ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, uliofanya kazi kubwa Kondoa kwa msaada wa Sweden. Kazi za kilimo, mifugo, afya na misheni zilihitaji watu wa kuzunguka vijiji visivyo na basi. Pikipiki ndiyo iliyowafikisha.

Hali ya hewa nayo imesaidia. Dodoma mjini hupata mvua ya wastani wa milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Miezi mingine hewa ni kavu, na chumvi ya bahari haifiki. Chuma ambacho Tanga kingeshaliwa na kutu, huku bado kinashika.

Ila ukame unaotunza chuma hautunzi mpira. Joto hukausha tairi, mipira ya mafuta na sili za injini. Panya hutafuna waya, na vumbi huingia kila penye tundu.

Hatua ya 1: pikipiki ni ya nani?

Kabla ya kutoa hata shilingi moja, namba ya chesisi na namba ya injini husomwa kwenye chuma chenyewe, kisha hulinganishwa na kadi. Namba ya chesisi huwa imegongwa karibu na shingo ya usukani. Ya injini hugongwa kwenye bloku, upande wa chini. Kutu husafishwa kwa brashi na mafuta ya taa, si kwa grenda, maana namba iliyokwanguliwa huleta maswali ya wizi.

Baada ya hapo kuna hali 4 za kawaida.

Mwenye kadi yupo hai. Hii ndiyo rahisi. Panaandikwa mkataba wa mauziano, kisha umiliki unahamishwa TRA. Kukabidhiana kadi mkononi bila kubadili jina si kuhamisha umiliki.

Mwenye kadi amefariki. Mtoto mmoja hana mamlaka ya kuuza au kugawa kwa sababu tu banda liko kwake. Familia hukaa kikao cha ukoo, huchukua cheti cha kifo, kisha huomba mahakamani, mara nyingi Mahakama ya Mwanzo, ateuliwe msimamizi wa mirathi. Huyo ndiye anayesaini uhamisho. Ndugu wengi huanza kukumbuka pikipiki ya marehemu siku wanapoiona imepakwa rangi, kwa hiyo hatua hii huokoa hela na undugu pia.

Kadi imepotea. Mwenye jina lake hutoa taarifa polisi, kisha huomba nakala TRA.

Namba ni ya serikali au mradi. Namba zinazoanza na ST ni za serikali, SU ni za shirika la umma, na DFP ni za miradi ya wafadhili. Pikipiki ya namna hiyo haikuwa ya mtumishi hata kama aliondoka nayo alipostaafu. Mali ya serikali hufutwa kwa utaratibu na kuuzwa, kwa kawaida kwa mnada wa hadhara. Bila karatasi za mauzo hayo, pikipiki inabaki kuwa mali ya umma, na kuitengeneza ni kumtengenezea mwingine.

Ada ya mwaka ya leseni ya chombo ilifutwa mwaka 2017. Hata hivyo, ni vizuri kuuliza TRA kama chombo kina deni au zuio lolote kabla ya kununua.

Hatua ya 2: kiki isipigwe

Kosa la kwanza la vijana wengi ni kumwaga petroli mpya na kuanza kupiga kiki. Injini iliyolala miaka 20 inaweza kuwa na kutu ndani ya silinda. Kiki moja ya nguvu huvunja ringi au kukwangua ukuta wa silinda, na kazi ya bei ndogo inageuka ya bei kubwa.

Utaratibu salama ni huu. Oili ya zamani inamwagwa na kuangaliwa: ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Plagi inafunguliwa, oili kidogo inatiwa kwenye tundu lake, na injini inaachwa siku 2 au 3. Kisha gia kubwa inaingizwa na gurudumu la nyuma linazungushwa taratibu kwa mkono. Likigoma, injini inafunguliwa. Likizunguka, inatiwa oili mpya, na baada ya hapo ndipo moto wa plagi unapopimwa.

Kabureta hufunguliwa na kusafishwa kila tundu, kwa sababu petroli iliyokauka huacha utomvu unaoziba jeti.

Tangi lenye kutu hujazwa siki na kuachwa siku 1 hadi 2, kisha husuuzwa kwa maji yaliyotiwa magadi ili kuua ukali wa siki, na kukaushwa vizuri juani. Tangi lililotoboka ni hatari: mvuke wa petroli hubaki ndani hata tangi likionekana kavu. Kulichomelea bila kulisafisha kabisa kunaweza kulilipua usoni pa fundi.

Hatua ya 3: spea ziko kwenye duka la bodaboda

Hapa wenye Honda CG125 wana bahati. Honda waliitoa mwaka 1976 wakilenga nchi ambazo barabara ni mbovu na oili haibadilishwi kwa wakati. Badala ya cheni ya ndani ya kuendesha valvu, walitumia fito za kusukuma. Vitu vya kuharibika vikapungua.

Baadaye viwanda vya China vilinakili injini hiyo kwa wingi. Ndiyo maana pikipiki nyingi za Kichina zinazobeba abiria leo zina injini ambayo mafundi na wauza spea huiita CG. Sahani za klachi, gasketi, ringi au kabureta ya chombo cha mwaka 1980 vinaweza kupatikana Dodoma mjini, Kibaigwa au Manyoni kwenye duka la kawaida la bodaboda.

Lakini kufanana si kulingana. Pistoni ya CG ya cc 125 ina kipenyo cha milimita 56.5, wakati ile ya cc 150 ni milimita 62. Spea ya zamani hubebwa mkononi hadi dukani na kupimwa kwa venia, si kutajwa kwa jina tu. Nafasi ya valvu za CG125 ni milimita 0.08, injini ikiwa baridi.

Yamaha AG100 ni habari nyingine. Iliundwa kwa ajili ya kazi za mashambani na ikatumika sana kwenye miradi Afrika. Injini yake ni ya tu-stroki, inayochoma oili pamoja na petroli. Oili hiyo hukaa kwenye tangi lake na kusukumwa na pampu ndogo. Baada ya miaka mingi bandani, mpira wa pampu hujaa hewa. Injini ikiwaka bila oili kufika, pistoni hung'ang'ania ndani ya dakika chache. Pampu hutolewa hewa kwanza, kisha ndipo injini huwashwa.

Hatua ya 4: kusimama kabla ya kukimbia

Tairi la zamani linaweza kuonekana lina meno yote na bado likapasuka njiani. Kwenye ubavu wa tairi lililotengenezwa kuanzia mwaka 2000 kuna namba 4: 2318 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2018. Tairi lenye namba 3 ni la kabla ya hapo, na halifai kubeba mtu.

Breki shuu za zamani hubanduka kwenye chuma chake. Nyingi za enzi hizo zilikuwa na asbesto, madini yanayodhuru mapafu, hivyo vumbi lake halipulizwi kwa kompresa. Hufutwa kwa kitambaa chenye maji.

Umeme nao una mtego. CG125 nyingi za mwanzo zilitumia volti 6. Betri na balbu za bodaboda za leo ni volti 12. Kuchanganya ni kuunguza balbu.

Kurudisha asili au kubadili?

Wapo wanaotaka ibaki kama ilivyotoka kiwandani: rangi ileile, siti ileile, nembo tangini. Wapo wanaotaka iwe yao: siti fupi, taa za LED, usukani mpana, au keria pana ya madumu ya maji. Njia zote ni halali, ila zina masharti.

Kadi hutaja rangi na namba ya injini. Ikibadilishwa rangi, TRA hujulishwa. Ikifungwa injini mpya nzima ya Kichina, njia inayopendwa kwa urahisi wake, risiti ya injini hutunzwa na namba mpya huingizwa kwenye kumbukumbu. Chesisi inaweza kuongezewa, lakini kipande chenye namba hakikatwi kamwe. Mofla ikiondolewa ili chombo kingurume, trafiki hahitaji sababu nyingine ya kukisimamisha.

Ushauri mmoja wa mafundi wazoefu: kila kilichotolewa kiwekwe kwenye boksi. Anayeuza siti asilia kwa bei ya chuma chakavu leo, kesho anaweza kuitafuta asiipate.

Lini kuacha

Vitu 3 vinatosha kusema chombo kibaki bandani au kiwe cha spea tu: chesisi iliyoliwa na kutu hadi kutoboka, namba zisizosomeka, na mmiliki asiyejulikana. Vingine vyote ni suala la hela na uvumilivu.

Ikishindikana, bado haijapotea. Taa, madigadi, rimu na kabureta kutoka chombo kimoja vinaweza kukamilisha kingine chenye kadi safi. Lakini hata spea hizo zinauzwa na mwenye mali, si na aliyekuta mlango wa banda uko wazi.