Masista wa Italia na Kansa ya Matiti

Mama akipata uvimbe katika titi, mara nyingi watu wa nyumbani hawaulizi ni ugonjwa gani. Huuliza: ni nani amemroga? Sisi makatekista tunaozunguka vijijini kuwaona wagonjwa twalijua sana neno hilo. Mama mwenyewe anaona haya, anauficha uvimbe chini ya kitambaa, na miezi inapita. Basi leo twataka kuwasimulia jinsi watu walivyoanza kujua asili ya ugonjwa huo. Tena mtashangaa, maana habari hii yaanzia katika nyumba za masista.

Katika Italia alikuwako daktari, jina lake Bernardino Ramazzini, mzaliwa wa Carpi, mwaka 1633. Alifundisha uganga Modena, halafu Padova. Madaktari wengine walimwuliza mgonjwa: Unaumwa wapi? Yeye aliongeza: Unafanya kazi gani? Aliwaangalia wachimba madini, wafinyanzi, hata watu wa kuzoa vyoo, apate kujua wanavuta vumbi gani na kushika vitu gani. Mwaka 1700 alitoa kitabu juu ya magonjwa ya wafanyakazi, na mwaka 1713, karibu na miaka 80, akakichapa tena kwa kukiongeza. Humo aliandika kwamba kansa ya matiti iliwashika watawa kupita wanawake wengine, hata ilikuwa shida kupata konventi isiyo na mgonjwa wa namna hiyo. Hakusema wamelaaniwa. Sababu aliitafuta katika maisha yao.

Lakini neno la mtu mmoja si hesabu. Domenico Rigoni-Stern alifungua madaftari ya vifo vya mji wa Verona, tangu mwaka 1760 mpaka 1839, akahesabu. Mwaka 1842 alitangaza: ni kweli. Halafu mwaka 1926 daktari mwanamke wa Uingereza, Janet Lane-Claypon, aliwalinganisha wanawake 500 wenye kansa na wengine 500 wasio nayo. Hao wa pili walikuwa wameolewa mapema zaidi, wamezaa watoto wengi zaidi, wamenyonyesha zaidi.

Kwa nini? Kila mwezi homoni zinazopita katika damu huichochea nyama ya titi, kana kwamba mtoto anakuja. Mimba na kunyonyesha hukatiza mchocheo huo na kuikomaza nyama yenyewe. Mwaka 2002 wataalamu walikusanya habari za nchi 30, wakaona kwamba kila miezi 12 ya kunyonyesha hupunguza hatari kwa asilimia 4 na zaidi kidogo. Lakini mtu asimnyoshee kidole sista wala mama asiyezaa! Mama wa watoto wanane naye aweza kushikwa.

Tena si kuzaa tu. Wanawake wa Japani zamani walishikwa na kansa hiyo mara chache kuliko wa Marekani. Wengine walihamia Hawaii na California. Binti zao na wajukuu wao, damu ile ile, waliugua karibu sawa na Wamarekani. Kumbe chakula, kazi na desturi za mahali vina nguvu.

Na hapa habari yetu yaingia Kongo. Urani nyingi ya bomu lililotupwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 ilichimbwa Shinkolobwe, katika Katanga. Tangu mwaka 1950 madaktari wamewafuata waliopona. Walioumia zaidi kwa kansa ya matiti ni wale waliokuwa wasichana chini ya miaka 20 siku ile. Walikua, wakajiona wazima. Ugonjwa ukatokea baada ya miaka mingi. Mwaka 1965 Ian MacKenzie aliona jambo kama hilo Kanada, kwa wanawake wenye kifua kikuu waliotazamwa mapafu mara nyingi mno kwa mashini ya radio. Radio ya siku hizi hutumia mionzi kidogo sana. Daktari akiiagiza, msiiogope. Ila isipigwe ovyo, hasa kwa wasichana.

Vileo navyo huongeza hatari, iwe bia, divai au lutuku. Kadiri mtu anavyozidi kunywa, hatari nayo huzidi. Wengi hawajasikia neno hilo bado. Unene mwingi baada ya damu ya mwezi kukoma huongeza pia, na kazi ya mwili hupunguza.

Tena uvimbe wa kwanza mara nyingi hauumi, ndiyo maana watu wanaudharau. Ngozi ya titi ikikunjamana, chuchu ikiingia ndani au ikitoa damu, ama kukiwa na kitu kigumu kwapani, mama aende hospitali juma lile lile, wala asingoje maumivu. Wanaume nao hushikwa, ingawa ni wachache, na dalili ni zile zile.