Chura Karani, Binadamu Bahili: Ugawaji wa Nafasi katika The Muppet Christmas Carol

Mwaka 1992, katika studio za Shepperton nje kidogo ya London, Michael Caine alikuwa akiigiza juu ya mbao nyembamba. Sehemu kubwa ya sakafu ilikuwa imeachwa wazi ili wachezeshaji wa vikaragosi wasimame chini, mikono juu, kila mmoja amemvaa chura, panya au nguruwe wake kama glovu. Mtazamaji anamwona Ebenezer Scrooge akikatiza ofisini mwake kwa majivuno ya tajiri. Asichokiona ni kwamba hatua moja ya kando ingemdondosha bahili huyo juu ya vichwa vya watu. Caine alikuwa amemweleza mapema mwongozaji, Brian Henson, kwamba angeigiza kana kwamba yuko jukwaani na Royal Shakespeare Company. Hakutaka kuikonyeza hadhira wala kuonyesha kwa namna yoyote kwamba anaongea na kitambaa.

Filamu hiyo, The Muppet Christmas Carol, iliyotokana na riwaya ya Charles Dickens, A Christmas Carol, imedumu kwa zaidi ya miaka 30, na sababu inayotolewa mara nyingi ni kwamba vikaragosi vinapendeza. Jibu hilo halitoshi. Vikaragosi hivyohivyo vimetiwa katika hadithi nyingine mashuhuri bila kufika mbali. Makala haya yanashikilia kwamba nguvu ya filamu hii imo katika ugawaji wa nafasi: nani kapewa nini, na zaidi ya hapo, nani kanyimwa.

Wanafunzi wa fasihi wanaijua tofauti ya mhusika bapa na mhusika duara, iliyoenezwa na E. M. Forster katika mihadhara yake iliyochapishwa mwaka 1927. Bapa habadiliki, unamjua kwa sifa moja na hakuangushi. Duara hukushtua. Forster mwenyewe alimtaja Dickens kuwa mwandishi ambaye karibu wahusika wake wote ni bapa, lakini wamejaa uhai wa ajabu. Aliyelelewa kwa ngano hahitaji Forster kuelewa jambo hili. Fanani akishataja Fisi, hadhira imekwishajua kwamba tamaa itamponza mtu, na ikisikia Sungura inaanza kutabasamu kabla hajafanya lolote. Jina limebeba nusu ya hadithi.

Kermit, yule chura, ni jina la namna hiyo. Jim Henson alimshona mwaka 1955 kwa kitambaa cha koti kuukuu la mama yake. Kuanzia 1976 hadi 1981, katika The Muppet Show, dunia ilimzoea kama meneja wa ukumbi wa maonyesho ambao kila wiki ulikuwa karibu kusambaratika mikononi mwake. Basi anapoingia kama Bob Cratchit, karani wa shilingi 15 kwa juma anayeomba siku moja ya mapumziko, subira yake haihitaji kuelezwa. Dickens aliijenga kwa kurasa. Mwandishi wa skripti, Jerry Juhl, aliipata bure. Nguruwe Miss Piggy naye amepewa nafasi ya mke wa Cratchit, na waliodhani kwamba hilo ni dhihaka wakaisome tena riwaya: bibi yule kweli hupandwa na hasira mumewe anapotaka wanywe kwa afya ya Scrooge. (Watoto wao, kwa mantiki ambayo hakuna mwanabiolojia angeitetea, ni vyura wakiwa wavulana na nguruwe wakiwa wasichana.)

Si kila chaguo lina kina hicho. Mzee Fezziwig, mwajiri wa zamani wa Scrooge, kuwa Fozziwig, yaani dubu Fozzie mwenye kiwanda cha kuku wa mpira, ni mchezo wa jina tu. Sam, tai mzalendo wa Marekani, anageuzwa mwalimu mkuu wa Kiingereza na inabidi akumbushwe asifu nchi gani. Ni kichekesho kizuri, lakini kinaishia hapo.

Chaguo la Statler na Waldorf ni jambo jingine. Dickens ana mzuka mmoja wa mshirika wa biashara, Jacob Marley, aliyekufa miaka saba nyuma. Filamu ina wawili, Jacob na Robert, mzaha ambao shabiki wa rege hahitaji kufafanuliwa. Wazee hawa ndio waliokaa roshanini katika The Muppet Show wakizomea kila kilichofanyika jukwaani. Sasa wanatokea wamefungwa minyororo na makasha ya fedha, bado wanacheka, bado wanatupa vijembe, na mtazamaji anatambua polepole kwamba kicheko chenyewe kimekuwa sehemu ya kifungo. Hofu ya Dickens imepungua, hilo lazima likubaliwe. Lakini mahali pake pamekaa wazo ambalo riwaya haina, kwamba aliyezoea kuwatazama wengine kwa dharau anaweza kuhukumiwa kuendelea hivyo milele.

Uamuzi wa Juhl wenye uzito kuliko yote ni kumpa Gonzo nafasi ya Charles Dickens. Filamu nyingi zilizotokana na riwaya hii hubakiza mazungumzo na kuitupa sauti ya msimulizi, ilhali sauti hiyo, yenye utani na ugomvi na msomaji, ndiyo roho ya kitabu. Gonzo, kiumbe wa bluu mwenye pua ya ndoano asiyejulikana ni mnyama gani, anaisema sauti hiyo mara nyingi karibu na maneno ya asili. Ubavuni pake yupo Rizzo, panya anayeuliza, anayebisha na anayekula. Sisi tuliozoea “Paukwa!” inayosubiri “Pakawa!” tunaitambua haraka kazi ya wawili hawa: mmoja ni fanani, mwingine ni hadhira inayojibu.

Turudi kwa walionyimwa. Katika mawazo ya awali, nafasi za mizuka mitatu ya Krismasi inayomtembelea Scrooge nazo zilifikiriwa kwa vikaragosi maarufu, akiwamo Miss Piggy. Mpango huo ukaachwa, mizuka ikaundwa upya, wageni kabisa kwa mtazamaji. Yule wa Krismasi iliyopita ni kama mtoto wa kike, na kikaragosi chake kilipigwa picha ndani ya tangi la maji ili mavazi na nywele vielee hewani bila uzito. Yule wa Krismasi ijayo hana uso. Anapofika, Gonzo na Rizzo wanaiaga hadhira na kujitoa hadi mwisho. Kwa dakika hizo, mtazamaji mdogo hana tena uso wa kirafiki wa kumshikilia, sawa na Scrooge.

Scrooge mwenyewe kapewa binadamu, kwa kuwa ndiye pekee anayepaswa kugeuka. Linganisha na Mickey's Christmas Carol ya Disney ya mwaka 1983, iliyomtumia Scrooge McDuck, bata bahili aliyebuniwa na Carl Barks mwaka 1947 na kuitwa kwa jina la bahili huyuhuyu. Jina liliwiana, lakini toba ilikosa mahali pa kushika, maana kila mtoto alijua kwamba katika katuni ijayo bata atarudi kuogelea katika sarafu zake. Uso wa Caine hauna ahadi hiyo. Mtu anaweza kupinga kwamba Fred, mpwa wa Scrooge, na Belle, mchumba wake wa zamani, nao ni binadamu ingawa ni bapa. Ni kweli, lakini hao ndio damu yake na penzi lake, yaani maisha ambayo angeweza kuishi. Kuwapa manyoya kungeyasogeza mbali naye.

Waliokuwa na mamlaka Disney, kampuni iliyosambaza filamu hii, hawakuuamini sana mpango huo. Jeffrey Katzenberg, mmoja wao, aliona kwamba wimbo wa kuagana wa Belle, mmoja kati ya nyimbo za filamu zilizotungwa na Paul Williams, ungewachosha watoto, nao ukaondolewa katika nakala za sinema. Kilichobaki ni Rizzo anayelia machozi kwa jambo ambalo mtazamaji hakuliona, na wimbo wa mwisho unaorudisha melodia ambayo haikuwahi kusikika. Mkanda asili ulipotea kwa miaka mingi hadi ulipopatikana tena, na mwaka 2022 toleo kamili likawekwa Disney+.

Mfumo huu una gharama yake. Septemba 1843 Dickens alitembelea shule ya watoto maskini ya Field Lane, London, na aliyoyaona yaliingia katika riwaya aliyoitoa Desemba 19 mwaka huo. Chini ya joho la mzuka wa pili aliweka watoto wawili waliokonda, Ujinga na Uhitaji. Filamu imewaacha. Hakuna kikaragosi kipenzi ambacho kingeweza kuwabeba, ilhali nakala 6,000 za kwanza za kitabu zilizokwisha kabla ya Krismasi ya 1843 ziliwabeba.

Badala yao kuna gongo. Jim Henson alifariki Mei 16, 1990, na hii ndiyo filamu ya kwanza ambamo Kermit alichezeshwa na Steve Whitmire, ikiongozwa na mwana wa marehemu. Katika maono ya Krismasi ijayo, nyumba ya Cratchit iko kimya na gongo la Tiny Tim, mtoto wao mgonjwa, liko mekoni bila mwenyewe. Kermit anaifariji familia kwa sauti iliyo karibu sana na ile ya zamani, lakini si ile.

Filamu inapomalizika, Gonzo anawashauri watazamaji wakisome kitabu. Wanaomtii wanamkuta Marley mmoja tu, na chini ya joho la mzuka wa pili, watoto wawili wasiowajua.